Kliniki ya Kifafa ya Jumatano: Tathmini ya Mlezi Baada ya Miaka Miwili

Kila Jumatano ya pili ya mwezi, kwa muda wa miaka miwili sasa, nimekuwa nikimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye kliniki ya kifafa ya hospitali moja ya wilaya mkoani Morogoro. Kabla ya kuanza kwenda huko nilitafuta mtu wa kunieleza kinachofanyika ndani ya chumba kile, nikamkosa. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mganga, kwa mchungaji au kwa shehe, na wengine walinyamaza tu wakatazama pembeni. Ndiyo maana naandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi au mlezi ambaye leo yuko pale nilipokuwa mimi, na nitayaandika mazuri na mabaya kwa kadiri nilivyoyaona. Hospitali yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa sababu wahudumu wa kliniki hiyo ni wawili tu, tabibu na muuguzi, na hao ninaowashukuru kwa moyo wote ndio ambao lawama ingewaangukia bila haki.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 13. Alianza kuanguka akiwa na miaka 9, kwanza usiku, tukadhani anaota ndoto mbaya, kisha mchana, na hatimaye mbele ya darasa zima. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu aliugua malaria kali iliyompanda kichwani, akapata degedege mfululizo na kulala siku mbili bila fahamu. Sisi hatukuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Tabibu aliyaunganisha katika dakika kumi za kwanza, baada ya kumuuliza dada yangu kama mtoto alilia mara tu alipozaliwa, uchungu ulichukua muda gani, na kama amewahi kuumia kichwa. Alitueleza kwamba kifafa si ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja, na kwamba katika maeneo yetu wengi wanaofika mbele yake ubongo wao uliwahi kujeruhiwa: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo, au mtu alianguka na pikipiki, au alimeza mayai ya tegu wa nguruwe kupitia chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu, na viluwiluwi vya mnyoo huyo vikaenda kujijengea vifuko vidogo vyenye maji ndani ya ubongo. Wapo pia ambao chanzo hakijulikani, na wapo ambao wamekirithi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vipimo. Nilibeba fedha za damu, za mkojo na za picha, na sikutegemea kwamba kipimo cha kwanza kingekuwa mimi mwenyewe.

Tabibu alisogeza kiti chake kutoka nyuma ya meza, akaniambia, “Mwalimu, usiniambie kwamba alianguka. Nionyeshe.” Nilisita, kwa maana kumwigiza mtoto anayeumwa mbele ya mama yake kulionekana kwangu kama kumdhihaki, lakini dada yangu akanitikisia kichwa, nikasimama. Nikageuza kichwa taratibu kuelekea kulia, kama anayetaka kuona kilicho nyuma ya bega lake, nikakunja mkono wa kulia kwenye kiwiko, nikaanza kurusharusha vidole, kisha nikaukakamaza mwili wote. Akanisimamisha mara tatu kuniuliza: ni mkono upi ulioanza, macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, ulimi aliuuma kwenye ncha au ubavuni, na baada ya kuzinduka alikaa muda gani kabla ya kunijua kwa jina. Kila jibu aliliandika. Halafu akamgeukia mtoto. “Na wewe, baba, kabla hujaanguka unasikia nini?”

Tangu aanze kuanguka hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, mimi nikiwamo, ninayekaa naye nyumba moja na kula naye sahani moja. Akajibu bila kufikiri sana kwamba husikia ganzi ikitambaa kutoka kidole gumba cha mkono wa kulia, ikipanda hadi pembe ya mdomo, na baada ya hapo hajui tena. Tabibu akaweka kalamu chini akatueleza kwamba upande wa kulia wa mwili unatawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo, kwamba ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopitishwa kutoka seli hadi seli kwa utaratibu, na kwamba kwa mtoto huyu kuna mahali fulani upande wa kushoto ambapo utaratibu huo huvurugika, seli nyingi zikafyatua umeme kwa pamoja, na vurugu hiyo ikasambaa hadi kuushika ubongo wote. Ile ganzi ya kidole gumba, alisema, ndicho kifafa chenyewe kikiwa bado kidogo.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloitofautisha kliniki hii na sehemu nyingine tatu tulikopita kabla yake, na kwa sababu maelezo hayo ndiyo yaliyoamua dawa. Kipo kifafa chenye mahali pa kuanzia, kama hiki, na kipo kinachoushika ubongo wote kwa wakati mmoja, kikiwamo kile cha kuzubaa ambacho mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache kisha akaendelea na shughuli zake, na ambacho sisi walimu tumezoea kukiita uvivu. Dawa iitwayo kabamazepini hufaa sana kwa aina ya kwanza, lakini inaweza kukizidisha kifafa cha kuzubaa na kile cha misuli kushtukashtuka. Anayeandika dawa bila kuuliza mkono upi ulianza anabahatisha.

Kabla ya hapo mpwa wangu alikuwa akitumia fenobabitoni aliyoandikiwa kwenye zahanati. Sina neno baya dhidi ya dawa hiyo. Imetumika kutibu kifafa tangu mwaka 1912, daktari Mjerumani Alfred Hauptmann alipoona kwamba wagonjwa wake wa kifafa wanaopewa dawa hiyo ya usingizi wanaanguka mara chache. Ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Bei yake ni ndogo, na kwa kuwa hukaa mwilini kwa siku kadhaa, humezwa mara moja tu kwa siku, wakati wa kulala. Kwake ilipunguza kuanguka. Hata hivyo asubuhi alisinzia darasani, na jioni alikuwa hatulii hata kidogo, akigombana na wadogo zake na kutupa vitu. Tabibu alipoisikia hali hiyo alisema inajulikana kwa watoto wanaotumia dawa hiyo, kwamba wengine huwalevya na wengine huwachangamsha kupita kiasi. Mimi nilidhani ni utundu, na nilimchapa mara mbili kwa ajili yake. Ninajuta hadi leo, na nimemwomba radhi.

Kumbadilishia dawa kulichukua miezi minne. Alianza na kabamazepini kidogo sana, ikapandishwa kila baada ya wiki mbili, huku fenobabitoni ikishushwa nusu kidonge kwa nusu kidonge, kwa sababu dawa ya kifafa ikikatwa ghafla huacha ubongo bila kizuizi na mtu anaweza kuanguka mfululizo. Tulionywa pia juu ya upele: tukiona madoa mwilini pamoja na homa au vidonda mdomoni katika wiki za mwanzo, tuje hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja Jumatano. Upele haukutokea, lakini nilifarijika kuona kwamba hatari iliyopo tunaambiwa kwa maneno ya wazi.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetupa daftari. Ni daftari la kawaida la shule, la kurasa 40, ambalo yeye mwenyewe alilipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, muda, mwili ulifanya nini, na nini kilitangulia. Alisisitiza safu ya mwisho. Mwanzoni niliijaza kwa kuwa nimeagizwa, lakini mwezi wa tano nilipoirudia nyuma niliona jambo ambalo kwa kumbukumbu peke yake nisingeliona: kati ya mara 19 alizoanguka, 11 zilifuata usiku ambao hakulala vya kutosha, ama kwa msiba wa jirani uliokuwa na spika, ama kwa kusoma usiku wakati wa mitihani, na nne zilifuata siku aliyosahau kidonge. Kuanzia hapo tukapanga saa 3 usiku kuwa mwisho wa kila kitu, na dawa ikahamia karibu na mswaki wake. Alipoanza kliniki alikuwa akianguka karibu mara mbili kwa wiki. Sasa hivi inaweza kupita miezi miwili au mitatu, na mara nyingi hubaki kwenye ile ganzi ya mkono bila kufika mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba kati ya watu takribani milioni 50 wenye ugonjwa huu duniani, karibu asilimia 80 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nilipoisoma takwimu hiyo sikuiona kama habari ya mbali. Nililiona benchi letu.

Kwa upande wa kipimo cha umeme wa ubongo nina lawama. Hospitali yetu haina mashine hiyo, kwa hiyo mwezi wa pili tulipewa rufaa kwenda mjini. Tuliambiwa tumwoshe nywele bila kupaka mafuta na tumkeshe usiku kucha, tukafanya hivyo, tukasafiri naye akiwa hoi, akabandikwa waya nyingi kichwani kwa dawa inayofanana na uji mzito, akaagizwa avute pumzi kwa nguvu na kuitoa, akamulikwa taa ya kumetameta, akaachwa asinzie. Karatasi ilirudi ikisema hali ni ya kawaida. Nilikasirika, kwa kuwa tuliuza mahindi kwa ajili ya safari ile, na dada yangu kwa siku kadhaa aliamini kwamba kama mashine haikuona kitu, basi waliosema ni mapepo walikuwa na haki. Tabibu alitueleza baadaye kwamba mashine, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Mjerumani mwingine, Hans Berger, aliyenasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, husikiliza kwa nusu saa hivi tu, na kifafa kinaweza kuwa kimetulia nusu saa hiyo yote. Majibu ya kawaida hayafuti kile ambacho watu wamekiona kwa macho. Ni maelezo mazuri, nami nayakubali. Lakini yalipaswa kutolewa kabla ya safari. Mzazi akijua mapema kwamba kipimo kinaweza kuthibitisha kifafa lakini hakiwezi kukikanusha, ataamua kwa akili iliyotulia kama auze mahindi au asubiri.

Nirudi kwenye mazuri, kwa sababu somo la asubuhi linastahili kuelezwa. Saa 2, kabla ya kadi kuitwa, muuguzi hutandika mkeka barazani na kumwomba mmoja wetu alale. Kisha huonyesha: sogeza mawe, vijiti na jiko, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kola na mkanda, tazama saa, usimshike kwa nguvu kumzuia asitikisike, na mtikiso ukipungua mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje yasimwingie kwenye njia ya hewa. Usimtie kitu chochote mdomoni. Hapo huinua kijiko cha chuma alichokuja nacho, ambacho kimepinda, na kueleza kwamba kiliwahi kuletwa pamoja na mgonjwa na meno yake mawili. Akipitisha dakika tano bila kutulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni dharura, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Wanaokuja kwa mara ya kwanza hushangaa kuona jinsi msaada wenyewe ulivyo mdogo na jinsi yale tuliyozoea kuyafanya yanavyoumiza.

Baada ya hapo huja habari ya povu. Katika vijiji vingi vyetu watu hukimbia mtu anapoanguka kwa kuogopa kwamba povu, mate au hata pumzi yake huambukiza, na kwa hofu hiyo mtu ameachwa ndani ya moto wa mafiga matatu hadi fahamu zimrudie mwenyewe. Kwenye benchi letu kuna makovu ya aina hiyo, mikononi na mashavuni, na sitayaeleza zaidi kwa heshima ya wenyewe. Muuguzi husema kwa sauti ya kusikika hadi getini: “Povu ni mate. Mate yenu na mate yake ni mamoja.” Huwafundisha akina mama kuinua jiko kutoka chini, kutompeleka mgonjwa kisimani au mtoni peke yake, kutofunga komeo la bafu kwa ndani, na kulaza godoro karibu na sakafu. Hakuna dawa yoyote katika hayo yote, lakini naamini yameokoa ngozi na maisha ya watu kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Huduma ya namna hii ina historia katika mkoa wetu, na ni vizuri watu waijue. Huko Mahenge, tangu mwaka 1960 hivi, daktari mzaliwa wa Norwe, Louise Jilek-Aall, aliendesha kliniki ya kifafa wakati ambapo wagonjwa wengi walikuwa wakiishi kwa kutengwa, wakila na kulala peke yao. Yeye ndiye aliyeandika pia juu ya watoto wa huko waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia kabla ya kuanguka. Watafiti wa miaka ya karibuni wameona kwamba katika eneo hilo kifafa ni kingi zaidi kwenye vijiji vyenye maambukizi makubwa ya usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Kwa hiyo muuguzi wetu anapomuuliza mama aliyehamia kutoka kandokando ya mto kama watoto wake humeza dawa ya usubi inapogawiwa, hamuulizi kwa mazoea tu, na ningependa maswali hayo yaulizwe katika kila zahanati ya pande hizo.

Jambo lingine nililoliona linawahusu wasichana. Wapo waliofika wakiwa na dawa ya kifafa iitwayo valproeti waliyoanzishiwa kwingine, na tabibu huwaita pamoja na mama zao na kuzungumza nao kwa muda mrefu, kwa sababu dawa hiyo, ingawa ina nguvu dhidi ya aina nyingi za kifafa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, katika viungo na katika akili. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe. Nimemsikia akiwasihi wasiiache ghafla kwa hofu, bali wampe nafasi ya kuibadilisha taratibu.

Sasa faragha. Chumba ni kimoja, na ili foleni isogee, mgonjwa wa pili huingizwa na kuketi mlangoni wakati wa kwanza bado anahojiwa. Mpwa wangu aliulizwa mbele ya binti wa rika lake na bibi yake kama bado anajikojolea akianguka. Alijibu, lakini mwezi uliofuata alikataa kuja, na ilinibidi nimwombe kwa siku mbili. Pazia la kitenge kwenye kamba lingetosha. Nimelisema mara moja kwa mdomo, na sasa nalisema kwa maandishi.

Hayo yote ningeyavumilia. Linalonizuia kuipa huduma hii sifa kamili ni dirisha la dawa, ambalo si la kliniki bali ni la hospitali nzima, na ambako kazi njema ya asubuhi huweza kumwagika yote saa 8 mchana.

Mwezi Machi wa mwaka huu tulifika dirishani na karatasi yetu, tukajibiwa, “Kabamazepini hakuna. Kanunueni nje.” Mvua ilikuwa ikinyesha. Duka la dawa muhimu la karibu halikuwa nayo. Famasi ya kwanza haikuwa nayo. Ya pili ilikuwa na ile inayoyeyuka polepole mwilini, ya kiwango kingine, na muuzaji hakuwa na hakika kama naweza kuikata katikati. Niliogopa kuinunua. Nyumbani tulikuwa na vidonge 15, na hapo nikafanya kosa langu: badala ya kurudi kwa tabibu kesho yake, nilianza kumpa mtoto nusu ya kipimo ili vidonge vitufikishe mbali. Siku ya sita, saa 7 mchana, alianguka jikoni. Hakuzinduka, akaanguka tena. Niliangalia saa kama nilivyofundishwa, nikaona dakika nane zimepita, tukambeba kwenye bajaji akiwa bado anatikisika, akachomwa sindano ya diazepamu pale mapokezi. Alizinduka saa 2 usiku na kwa siku tatu hakukumbuka jina la shule yake.

Nimelifikiria sana tukio hilo, na simlaumu aliyekuwa dirishani siku ile. Hakuwa na dawa na hakuwa na uwezo wa kuiumba. Ninacholaumu ni ukimya kati ya milango miwili iliyo hatua 30 kutoka mmoja hadi mwingine. Tabibu hakujua kwamba dawa imekwisha. Angejua asubuhi ile, angetuandikia dawa mbadala, au angetuonyesha jinsi ya kupunguza kwa usalama, au angetuelekeza famasi ya kupiga simu kabla ya kuzunguka na mvua. Na mwenzake aliyelijua jambo hilo hakuwa na sababu ya kwenda kumwambia, kwa kuwa hakuna aliyempangia kufanya hivyo. Kwa mwenye maumivu ya mgongo, kukosa dawa kwa wiki moja ni wiki ya maumivu. Kwa mwenye kifafa, wiki hiyo moja inaweza kuwa na hatari kubwa kuliko kama hajawahi kuanza dawa. Na wenzetu wanaotumia fenobabitoni wako katika hali ngumu zaidi, kwa sababu dawa hiyo iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na maduka mengi hayapendi kuiweka. Kwao dirisha la hospitali ndilo dirisha pekee.

Tangu tukio lile tabibu amebadilisha utaratibu wake mwenyewe. Wanaotoka mbali huwaandikia dawa za miezi miwili zinapokuwapo, na ameandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la kila daftari kwamba ukibakiwa na vidonge vya siku kumi, njoo, hata kama si Jumatano. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi inazidi bei ya dawa yenyewe, kwa hiyo hilo la miezi miwili limekuwa nafuu kubwa kwetu. Dirishani bado hakuna kilichobadilika. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye ubao wa kliniki kila Jumatano saa 1 asubuhi, yenye majina ya dawa nne za kifafa na alama ya ipo au haipo, isingegharimu chochote, na naiomba hapa kwa niaba ya wote tunaokaa kwenye benchi lile.

Je, ningempendekezea mtu huduma hii? Ndiyo, na nimeshawapeleka wawili, mmoja wao akiwa kijana wa bodaboda aliyeanza kuanguka miezi saba baada ya ajali. Nilimwambia alichoambiwa na tabibu pia: aiweke pikipiki kando hadi atakapoongozwa vinginevyo. Hilo limemgharimu riziki yake, na kliniki haina jibu kwa upande huo.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza afike kabla ya saa 1 asubuhi, maana kadi hupangwa kwa kufika. Abebe chakula, na asimnyime mgonjwa dawa ya asubuhi eti kwa kuwa anakwenda kupimwa. Abebe kadi ya kliniki ya utotoni kama ipo, na pakiti za kila dawa aliyowahi kutumia hata kama ni tupu, pamoja na majina ya mitishamba. Hawatamkemea kwa mitishamba, wataiandika tu. Zaidi ya yote aende na yule aliyemwona mgonjwa akianguka tangu mwanzo, awe ni bibi, jirani au mwanafunzi mwenzake, na kama kuna mtu aliyewahi kurekodi kwa simu, video hiyo isifutwe. Ukiambiwa uonyeshe, simama uonyeshe, na uanze na mkono ulioanza.